Kukaa Tu

Ambokile alianguka kutoka juu ya mparachichi siku ambayo mvua ilikuwa imepumzika kwa asubuhi moja tu, na watu wa Masukulu waliomwona akibebwa kwenye machela ya miti na blanketi walisema neno lile lile, mmoja baada ya mwingine: bahati yake ana mke.

Hawakukosea. Tusekile alikuwa mke wa kuonyeshwa wasichana. Tangu aingie katika mji ule, akiwa hata matiti hayajakaa sawasawa kifuani, hakuna jirani aliyewahi kuisikia sauti yake ikivuka ua. Naye Ambokile alikuwa mume wa kuonyeshwa wavulana. Mzee wa kanisa, hanywi, hapigi, hana nyumba ndogo Tukuyu wala Kyela. Wanawake walipokutana na Tusekile kwenye bomba la maji walimwambia, "Mwenzetu wewe ulipata mume." Tusekile alijibu, "Ndaga," yaani asante, akajitwisha ndoo akaenda zake.

Nyuma ya maneno hayo hapakuwa na siri yoyote. Ambokile alikuwa hivyo hivyo alivyoonekana, mtu mpole. Ila upole wake ulijaa nyumba nzima, ukabana kila kona, mtu mwingine asipate pa kuweka hata kiwiko. Mgeni akiuliza, "Mama, mmeamkaje?" Ambokile ndiye aliyejibu kwamba mama kaamka salama. Tusekile akitaka kwenda kumsalimu mama yake Kandete, aliomba, na Ambokile alilifikiri jambo hilo kwa siku kadhaa, kisha akamjibu kwa sauti ya chini kwamba mwezi huu haujakaa vizuri. Mwana wao mkubwa, Yohane, fundi wa magari Mbeya, alimnunulia mama yake simu. Simu ilikaa kwenye mfuko wa koti la baba, isije ikaingia maji. Na kwaya, ambayo Tusekile aliiongoza akiwa msichana, aliiacha mwaka uleule alioolewa, kwa kuwa mke wa mzee wa kanisa hawezi kupanda malori kwenda kuimba mikutanoni na watu wasiojulikana. Hakulia. Hamu ya kuimba ilimtoka taratibu, kama moshi wa jikoni unavyotoka kwenye nguo iliyoanikwa, mpaka akasahau kwamba aliwahi kuwa nayo.

Paja la Ambokile lilikuwa limevunjika vibaya. Katika hospitali ya misheni kule Igogwe wakamlaza chali, wakaufunga mguu kwa kamba yenye uzito uliokuwa ukining'inia mwisho wa kitanda, wakasema atakaa hivyo mpaka mfupa ukubali. Tumpe, dada yake Ambokile aliyekuwa ameachika na kurudi kwao, akabaki nyumbani na ng'ombe na Gift, binti wa mwisho aliyekuwa bado shuleni. Tusekile akafunga kitenge, mkeka, sufuria na blanketi, akaenda kuuguza.

Nyuma ya wodi palikuwa na banda refu la mabati ambamo ndugu wa wagonjwa walipika na kulala. Humo walikuwamo wanawake wa Kiwira, wa Isongole, wa Busokelo, hata wa Kyela waliolalamikia baridi kutwa. Siku za mwanzo Tusekile hakuwaona hata nyuso. Alikimbia kati ya jiko na kitanda. Uji, maji ya moto, chombo cha haja, taulo. Ambokile hakuwa mgonjwa msumbufu. Alisema tu, "Mto umeshuka, mama Yohane," na mto ukapandishwa.

Lakini hospitali ina utaratibu wake. Asubuhi, baada ya uji, ndugu wote walitolewa nje ili madaktari wapite, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka jua lifike utosini. Siku ya kwanza kugundua hilo Tusekile alizunguka banda mara nyingi. Aliosha sufuria iliyokwisha oshwa. Akafagia pasipo na takataka. Mikono yake ilikuwa inatafuta jembe.

"Mama, kaa," sauti ilimwambia.

Alikuwa mwanamke mnene mwenye kilemba cha kijani, amenyoosha miguu juani. Jina lake Felista, alikuwa akiuza mitumba sokoni Kiwira, na mama yake alilazwa kwa ugonjwa wa sukari.

"Natafuta kuni," Tusekile akasema.

"Kuni zipo, tazama. Mgonjwa wako yuko na madaktari. Unamzungukia nani? Kaa."

Tusekile akakaa kwenye ukuta mfupi uliozunguka bustani ya masista. Alikaa upande, kama mtu anayengoja kuitwa. Hakuitwa. Ukungu ulikuwa ukipanda, mlima Rungwe ukajitokeza kipande kwa kipande, kwanza msitu, halafu bega. Jua likamgusa miguuni. Baada ya muda akajikuta amenyoosha magoti. Aliitazama miguu yake mwenyewe, yenye nyufa za visiginoni, akashangaa, kwa kuwa hakukumbuka ni lini mara ya mwisho aliiona ikiwa imetulia mchana.

Kesho yake akakaa tena. Na keshokutwa. Ikafika mahali akawa anaamka akiungoja ukuta ule. Akimlisha Ambokile uji, jicho lake moja lilikuwa dirishani, likitazama kama jua limetoka. Alijiona mwovu, akasali juu ya hilo, na baada ya kusali alikwenda kukaa.

Siku moja, akichambua mboga pale ukutani, wimbo ukamtoka. Hakuukusudia. Ulikuwa wa zamani, wa Kinyakyusa, wa mavuno. Felista aliacha kisu chake akageuka.

"Mama Yohane, hiyo sauti ulikuwa umeificha wapi?"

Tangu hapo wanawake wa banda hawakumwacha. Jioni, kabla ya chakula, walikusanyika kusali, Walutheri kwa Wakatoliki na Wamoraviani, na Tusekile ndiye aliyeanzisha nyimbo. Mwanzoni aliimba kwa woga, kifua kimebanwa. Baadaye sauti ikakumbuka njia yake, ikapanda juu ya mabati na kwenda hadi madirisha ya wodi.

Jioni moja alipompelekea Ambokile chakula, mumewe aliuliza, "Nani anayeimba huko nje?"

Tusekile alikuwa ameshika kijiko. "Ni akina mama tu."

"Mmoja wao sauti yake ni kubwa mno. Wamwambie ajizuie. Humu kuna watu wanaumwa."

"Nitamwambia," Tusekile akajibu, akampa mboga. Alimtazama usoni kwa muda, akitafuta kama anatania au anamtega. Ambokile alikuwa akitafuna kwa utulivu. Miaka yote ile waliyolala kitanda kimoja, na hakuijua sauti yake.

Jambo hilo lilimkaa Tusekile rohoni kuliko tusi. Hakumsimulia mtu, hata Felista.

Nesi wa wodi aliitwa Agness, mwenyeji wa Singida, msichana mwenye haraka aliyekuwa bado hajazoea mvua za Rungwe. Asubuhi moja alimkuta Tusekile ukutani akamchuchumalia.

"Mama, habari njema. Daktari anasema mfupa wa mzee umeunga. Ijumaa anaweza kwenda nyumbani na magongo. Ila kama nyumbani si pazuri kwa mtu wa magongo, tunaweza kumwacha wiki mbili zaidi aimarike, vitanda vipo. Huko kwenu pakoje?"

Nyumbani palikuwa pazuri. Nyumba ilikuwa pembeni ya barabara ya magari, ua wake tambarare, na Yohane alikuwa amekwisha sema atatuma gari.

"Daraja limechukuliwa na maji," Tusekile akasema.

"Daraja gani?"

"La kwetu. La bondeni. Mvua hizi. Gari halivuki, watu wanaruka mawe." Maneno yalitoka yakiwa yamepangwa vizuri, kana kwamba yalikuwa yakingoja mlangoni. "Yeye na magongo hawezi."

"Pole, mama. Basi abaki," Agness akasema, akainuka, akaenda zake na viatu vyake vyeupe.

Tusekile alibaki pale. Angekuwa na sababu nzuri angejisamehe. Angekuwa anamficha mtoto na balaa, au yeye mwenyewe anapigwa, angeweza kusimama mbele ya Mungu akasema, nilidanganya kwa ajili ya kitu fulani. Hakuwa na kitu fulani. Alitaka ukuta.

Wiki zile mbili hazikuwa tamu kama alivyotamani. Kila alipoingia wodini aliogopa kwamba Agness amesema. Na kweli, siku ya pili tu Ambokile alimwambia, "Nesi ananipa pole kwa habari ya daraja. Mbona hukuniambia?"

"Sikutaka kukutia mawazo, baba."

"Umefanya vema," Ambokile akasema, akampapasa mkono. Huo mpapaso ulimchoma.

Hata hivyo alikwenda Tukuyu. Alimwambia mumewe anafuata sabuni, akafuatana na Felista. Walipita sokoni, wakapanda barabara ya ofisi za wilaya, wakateremka tena, bila shughuli, kama wasichana wa shule siku ya kufunga. Kisha Felista akamwingiza mgahawani, wakakaa kwenye meza iliyotazama barabara.

"Chai ya maziwa au ya rangi?" mhudumu akamuuliza Tusekile.

Tusekile alimtazama Felista amjibie. Felista akageuza uso, akawa anatazama bajaji nje kana kwamba hajawahi kuziona.

Nyumbani walikunywa ya maziwa, kwa kuwa Ambokile tumbo lake lilikataa ya rangi. "Ya rangi," Tusekile akasema hatimaye. "Iwe na tangawizi."

Walikunywa polepole. Felista alimsimulia jinsi alivyomwacha mumewe, na jinsi ndugu zake walivyomfungia mlango, na jinsi mitumba inavyoweza kukaa wiki nzima bila kuuzika. "Usidhani nina raha," alisema. "Chumba changu kinavuja, na nikiumwa hakuna wa kunipa maji. Lakini mlango naufunga mwenyewe na kuufungua mwenyewe. Ukichoka kabisa, mama Yohane, uliza Felista wa mitumba pale Kiwira. Kila mtu ananijua."

"Mimi na umri huu niende wapi?"

"Sijakwambia uende. Nimekwambia uulize."

Kabla wiki zile hazijaisha, mama yake Felista alifariki. Wanawake wa banda walimsaidia kufunga vyombo, na gari la kuchukua mwili lilipofika Tusekile aliingia wodini kuomba ruhusa aende Kiwira kuzika, arudi kesho yake.

Ambokile alilifikiri. "Huyu ni ndugu yetu?"

"Si ndugu. Tumekaa naye vizuri."

"Wewe ulikuja kuuguza, mama Yohane. Hukuja kuzika."

Tusekile alisimama kwenye lango akalitazama gari likiondoka, kilemba cha kijani dirishani. Jioni ile hakuimba, na wenzake hawakumlazimisha.

Siku ya kurudi, Yohane alituma gari dogo la kukodi. Dereva aliitwa Hosea, mtu wa kwao Masukulu. Ambokile alikaa mbele, kiti kimelazwa, mguu umenyooshwa. Tusekile alikaa nyuma katikati ya mabunda. Wakapita Tukuyu, wakaacha lami. Tusekile akaanza kuyafahamu mashamba ya chai. Aliomba mvua. Mvua ambayo haikukosa siku hata moja mwezi mzima, leo haikuwepo, mbingu nyeupe.

Walipoanza kuteremka bondeni, Ambokile alimgusa dereva bega. "Ndugu yangu, simama kabla ya mto. Nitashuka nijikongoje. Daraja limekwenda."

"Daraja lipi, mzee?" Hosea akauliza. "Nimepita juzi na mbolea."

Gari halikusimama. Likaingia darajani, mbao zikagonga chini ya magurudumu, moja baada ya nyingine. Zilikuwa mbao zilezile za siku zote, nyeusi, kingo zake zimeota kuvu, na maji chini yake yalikuwa ya kufika magotini. Ambokile aliyatazama. Akageuza kichwa polepole kadiri daraja lilivyokuwa likirudi nyuma, mpaka shingo ikafika mwisho wake. Hakumtazama mkewe.

"Basi nilisikia vibaya," akasema.

Nyumbani watu walikuwa wamejaa uani. Wakaimba, wakasali, Tumpe akapiga vigelegele, Gift akamkumbatia mama yake kiunoni. Jumapili iliyofuata Ambokile alisaidiwa kusimama mbele ya kanisa kutoa shukrani. Aliwashukuru wazee, akamshukuru mchungaji, halafu akasema, "Na ninamshukuru mama Yohane. Aliniuguza mpaka siku za hospitali zikaisha, na zilipoisha akaniongezea nyingine." Watu wakasema amina. Wanawake wakamgeukia Tusekile wakitabasamu, naye akainamia kitabu cha nyimbo.

Alingoja siku nyingi. Akamngoja akasirike, na kila jioni alikwenda kulala hajakasirikiwa. Mwishowe, alasiri moja, Tusekile akiwa barazani anapukuchua maharage, Ambokile akakohoa kwenye kiti chake.

"Mama Yohane. Ulitaka nife?"

"Hapana, baba."

"Kulikuwa na mwanaume?"

"Hapana."

"Nimekupiga mimi?"

"Hujawahi kunipiga."

"Nimekunyima chakula? Nguo?"

"Hapana."

"Basi ulitaka nini huko?"

Tusekile aliweka ungo chini. Alitafuta neno. Alilitafuta kwa Kiswahili, akalitafuta kwa Kinyakyusa, akaona ukuta, na jua, na visigino vyake.

"Kukaa," akasema.

"Kukaa wapi?"

"Kukaa tu."

Tusekile alimwona Ambokile akilichukua lile neno, akiligeuza, akilijaribu upande huu na ule kwa uaminifu wake wote, kama mtu aliyepewa ufunguo usioingia katika kufuli lake lolote. Na hapo moyo wake ulivunjika kwa mara ya kwanza, kwa kuwa aliona kwamba mumewe hafanyi makusudi.

"Hapa hukai?" Ambokile akauliza.

Tusekile akauchukua ungo, akaendelea kupukuchua.

Akaitwa Abrahamu, kaka yake Tusekile na msuluhishi wa ndoa za ukoo, kutoka Kandete. Alikuja na kofia mkononi, akakaa barazani na shemeji yake, kisha akaomba aongee na dada yake peke yao nyuma ya zizi.

"Dada, mimi kwangu wanakuja wanawake wamevimba macho," alisema. "Wengine wamefukuzwa na watoto mgongoni. Hao najua la kuwasemea. Wewe umeleta nini? Nikawaambie wazee kwamba dada yangu anataka kukaa?"

"Mimi sijaleta kitu, kaka. Wewe umeitwa."

Abrahamu aliizungusha kofia. Alikuwa amezeeka, na ng'ombe wa mahari ya Tusekile ndio waliomwolea yeye mke. "Mshukuru Mungu," akasema hatimaye, kwa upole, akala ndizi na nyama, akaondoka kabla ya mvua.

Uamuzi ulipofika haukuwa wa ukali. Ambokile alisema ni vizuri mama Yohane apumzike na safari mpaka moyo wake utulie. Tumpe atakwenda mashineni na gulioni. Ibada watakwenda pamoja. Umoja wa wanawake wa Alhamisi unaweza kusubiri. Tusekile alisikiliza yote akiwa amepiga magoti na bakuli la maji ya kunawa, kama desturi inavyotaka, na aliposimama bakuli halikuwa limemwagika hata tone.

Kisha ikaonekana kwamba mguu wa Ambokile umeunga kwa upungufu, mmoja mfupi kuliko mwenzake. Zamani alikuwa mtu wa kuondoka asubuhi: mashambani, kanisani, kwa wagonjwa, kwenye vikao. Saa zile, ingawa zilikuwa za kazi tupu, nyumba ilikuwa na hewa. Sasa alikaa barazani tangu chai ya asubuhi mpaka kuku waingie bandani, gongo mapajani, macho njiani. Tusekile akiwa kwenye shamba la chai, alimwona mumewe pale barazani. Akiwa kwenye migomba, akasikia kikohozi chake. Akichelewa kidogo bombani, aliitwa kwa sauti ileile ya chini, "Mama Yohane," haikupanda hata siku moja.

Mvua zikaisha, ikaja baridi ya kipupwe. Mchana mmoja Tusekile alikuwa katika jiko la nyuma akimenya ndizi, utomvu umemjaa vidoleni. Tumpe alikuwa gulioni, Gift shuleni. Akasikia hodi uani, na mwili wake wote ukaitambua sauti kabla masikio hayajamaliza kazi.

"Karibu, mama," Ambokile alisema. "Karibu kiti."

"Asante, baba, sikai sana. Mguu umepona?"

"Tunamshukuru Mungu. Sikufahamu vizuri."

"Tulikuwa wote Igogwe. Nilikuwa namuuguza marehemu mama. Mama Yohane nimemkuta?"

Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Kutoka pale alipokaa Tusekile aliweza kuona kona ya nyumba na kipande cha uzio. Upande mwingine wa kona hiyo, hatua chache za mtoto mdogo, palikuwa na Felista.

"Hayupo," Ambokile akasema. "Amekwenda kwao kusalimia."

"Atarudi lini?"

"Hatukupanga siku."

Kisu kilikuwa mkononi, ndizi nusu imemenywa. Angesimama tu. Angetoka na mikono yake michafu akasema, Felista, nipo. Lakini akitoka, mumewe, mzee wa kanisa, ataonekana mwongo mbele ya mgeni, uani kwake. Na nani wa kumwonyesha uongo wake? Ni yeye, aliyebomoa daraja kwa ulimi. Alijiona anadaiwa, na Ambokile anachukua chake. Aliyawaza hayo, na mawazo yalikuwa ya kweli, na bado hayakuwa ndiyo sababu. Sababu ilikuwa magotini. Magoti yalikuwa yamezoea kungoja kuitwa, na aliyeulizia habari zake hakuwa ndiye mwenye kuita.

"Mwambie nilipita," Felista akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Felista wa Kiwira. Mwambie bado tunamkumbuka kwa nyimbo zake."

"Nyimbo?" Ambokile akauliza.

"Si ndiye aliyekuwa akituimbisha jioni? Wodi nzima ilikuwa inamngoja."

Ambokile akasema kwamba salamu zitafika. Nyayo zikaondoka, pikipiki ikawashwa njiani, ikapanda mlima, ikafifia.

Tusekile alimaliza kumenya ile ndizi, akaitia majini. Akanawa mikono, ingawa utomvu hautoki kwa maji. Halafu akatoka, bila ndoo, bila jembe, bila kapu, akapita katikati ya ua mbele ya mumewe.

"Mama Yohane," Ambokile akaita.

Hakugeuka.

"Mama Yohane. Unakwenda wapi?"

Akashika njia. Alisikia gongo likigonga sakafu ya baraza, na kiti kikianguka, lakini hakusikia hatua, kwa kuwa hatua za mumewe za kumfuata mtu zilikuwa zimekwisha. Alipofika barabarani vumbi lilikuwa limetua. Pikipiki haikuonekana wala kusikika. Alitembea kidogo kufuata upande wa Tukuyu, mpaka nyumba ikafichwa na migomba, akasimama.

Aliifikiri Kiwira. Hakuwa na nauli, wala viatu. Alikifikiri chumba kinachovuja, na mtu anayejilaza mgonjwa bila wa kumpa maji. Akamfikiri Gift, ambaye angerudi kutoka shuleni na njaa akamkuta baba yake peke yake. Akamfikiri Ambokile, mguu wake mfupi, kiti kilichoanguka. Kila alichokifikiri kilimrudisha. Akaketi kwenye ukingo wa barabara, penye majani makavu. Lori la chai likapita. Wanawake wawili wenye mizigo ya kuni wakamsalimu, "Mugonile, mama," naye akawaitikia. Hakulia, hakusali. Kivuli cha mgomba kilimfikia, kikamvuka.

Aliporudi, Ambokile alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea gongo, uso umesawijika.

"Ulikwenda wapi?"

Tusekile alikiinua kiti kilichoanguka, akakipangusa vumbi. Akaingia jikoni akachochea moto.

Aliuliza tena wakati wa chakula. Aliuliza kesho yake, na siku nyingi baadaye. Mke wake alimjibu mambo mengine yote. Ng'ombe ametoa maziwa kiasi gani, chumvi ipo au imekwisha, Gift amefanyaje mtihani. Alijibu vizuri, kwa heshima, kama siku zote. Kwa lile moja alinyamaza. Ambokile akatuma watu waulize kama alionekana kwenye pikipiki, au kwa nani. Hakuna aliyejua kitu. Wazee wa kanisa walikuja kusali, wakamwekea mikono kichwani. Abrahamu aliitwa tena, safari hii hakuja. Ambokile akaanza kukonda. Yeye aliyeweza kulivumilia paja lililovunjika bila kupiga kelele, alishindwa kulivumilia hilo, na wakati mwingine aliacha chakula katikati akamtazama mkewe kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia bila hodi.

Maisha hayakubadilika kwa lingine lolote. Hakuruhusiwa safari, wala hakuomba. Kuimba hakuimba tena, hata shambani, hata kanisani, ambako alifungua kitabu na kusogeza midomo.

Jumamosi moja alikuwa akimsuka Gift uani, msichana kakaa kati ya magoti yake. Baba alikuwa amesinzia barazani.

"Mama," Gift akanong'ona, "siku ile ulikwenda wapi? Mimi sitamwambia mtu."

Vidole vya Tusekile vikasimama katika nywele. Alimpenda mtoto yule kuliko yeyote aliyekuwa hai. Alikuwa na jibu fupi, lisilo na aibu yoyote ndani yake, lakini lilikuwa kona yake pekee katika nyumba ile.

"Inamisha kichwa," akasema, akaendelea kusuka.